Konkuru ya informatiki: shajara yangu ya siku 47 (Lubumbashi)

Siku ya 1

Haya tuanze. Niko na kasekretaria kadogo huku Katuba, meza mbili, mashine moja ya fotokopi, ordinateri (kompyuta) mbili, moja ya kazi ya wateja na ingine yangu. Juma iliyopita watu wakaanza kuingia na tangazo lilelile mkononi, biro fulani ya serikali inatafuta watu wanne wa informatiki (kazi za kompyuta) kwa konkuru, yaani ekzame ya kugombania nafasi, na mimi kazi yangu ni kuwachapia barua, kupiga fotokopi ya diploma na ya karte ya mpiga kura, kupanga yote mu farde. Nimehesabu barua 41. Ya 42 ni yangu mwenyewe. Kwa hiyo washindani wangu karibu wote nawajua majina, najua mpaka pointi walizopata mwaka wa mwisho wa masomo, na wawili nimewasahihishia kifaransa cha barua (hapo niliwaza kidogo, lakini walikuwa wanalipa).

Sheria namba 16/013 ya tarehe 15/07/2016, ile ya wafanyakazi wa serikali, inaweka konkuru kama njia ya kuingia kazini. Jirani wangu wa viatu anasema konkuru ni sinema, majina yako tayari mu droo. Pengine. Droo siwezi kuifungua, ninachoweza ni kujua mimi nina pointi ngapi.

Waliopitaka konkuru za namna hii mbele wameniambia: maulizo 60, dakika 60, karatasi na biki, hakuna kalkuleta, hakuna simu. Maulizo ni ya aina tatu zimechanganyika: mantiki na hesabu, informatiki yenyewe, na culture générale (maarifa ya jumla). Kila ulizo majibu manne, unachagua moja. Siku 45 hivi ziko mbele yangu na nitaandika hapa kila nikifanya kitu cha maana, zingine nitaruka.

Siku ya 3

Mtu mwingine angenunua kitabu, mimi nimeandika programu, ugonjwa wetu huo. Ni ya Python (lugha ya kuandikia programu), mistari kama 90: inasoma faili ya maulizo, inachagua 60, inanionyesha moja moja, inaandika nimejibu nini na nimetumia sekunde ngapi. Hiyo ya sekunde niliiweka bila kuwaza, ilikuwa mstari mmoja tu.

Shida: betri ya ordinateri yangu inakaa dakika 40, ekzame ni dakika 60, na umeme wa huku kwetu mnaujua. Jaribio la kwanza limekufa ku ulizo la 27. Nimehamisha kila kitu ku simu, mu Termux (aplikesheni ya kutembezea programu ku simu), na Python inatembea humo bila matata. Sasa naweza kufanya ekzame hata nikiwa nangojea mteja, hata juu ya kitanda na giza yote.

Siku ya 5

Ekzame ya kwanza kamili. Nimefikia maulizo 38 kati ya 60, 29 ndiyo sawa. Yaani 22 sijayaona hata kwa macho.

Nilikuwa najisema hesabu yangu ni ya kutu, tangu humanités (sekondari) sijagusa tena. Nikafungua faili ya sekunde. Maulizo manne peke yake yamekula dakika 21. Manne! Na yote manne nimeyakosa. Yale 34 mengine yamechukua dakika 39, kidogo zaidi ya dakika moja kila moja, na humo ndimo pointi zangu zote 29 zimetoka. Kwa mwendo huo, zile dakika 21 ningegusa maulizo mengine 18.

Lile bovu kuliko yote ni hili: 4, 9, 25, 49, ... nini inafuata? Nimekaa nalo dakika 9. Nimetoa moja ku ingine, 5, 16, 24, nimetafuta utaratibu wa zile tofauti, nimefika mpaka ku tofauti za tofauti, nimejaza ukurasa. Jibu 121. Ni 2, 3, 5, 7, 11, namba tasa, kila moja imezidishwa na yenyewe. Ukiiona ni sekunde 5, usipoiona hata ungekaa mpaka kesho.

Nimewaza sana usiku. Mimi kazi yangu ni ya kutengeneza, mteja ananiletea ordinateri imekufa, naishika mpaka inaamka, siku mbili, siku tatu, siachi. Watu wananilipia ile kichwa ngumu. Konkuru inanikata pointi juu ya kichwa ileile.

Siku ya 6

Nimeongeza: sekunde 90 zikifika, simu inalia na inaruka yenyewe ku ulizo lingine. Yaliyorukwa yanarudi mwishoni kama dakika zimebaki.

Siku ya 9

Rezo, yaani kuunganisha mashine. Hapa nilikuwa najivuna, nimeunganisha sibakafe mbili na shule moja, nikajua maulizo ya anwani za IP (namba ya kila mashine mu rezo) ni zawadi. Kumbe miaka yote nilikuwa naandika namba mu kakalkuleta ka intaneti na yenyewe inanijibu. Kwa karatasi tupu nimebaki nashangaa.

Njia niliyoishika sasa, na haina binari (hesabu ya 0 na 1) hata moja: 192.168.10.130/26. Maski (namba inayoonyesha rezo imekatwa wapi) ya /26 inaishia na 192. Toa 192 ku 256, inabaki 64, hiyo njo hatua. Hesabu 0, 64, 128, 192. 130 iko kati ya 128 na 192, basi rezo ni 192.168.10.128, ya mwisho (broadcast) ni .191, za kupatia mashine ni 62 juu ile ya kwanza na ya mwisho hatuzigawe. Sekunde 20. Ya /20 inatisha zaidi lakini ni ileile, unahamia tu ku namba ya tatu: 172.16.37.5/20, maski 240, hatua 16, 0, 16, 32, 48, basi rezo 172.16.32.0 na inaishia 172.16.47.255, mashine 4094.

Nimefanya 40 za namna hiyo nyuma ya farde zilizoharibika. Mteja mmoja akauliza kama nacheza loto.

Siku ya 12

53 ku 60!!! Nimekimbia kwa yaya, ndugu yangu mkubwa, kumwambia, tumekula vizuri, sombe na ndakala, akasema unaona sasa.

Siku ya 13

Futeni ya jana. Nimeona ulizo la namba tasa limetoka mara tatu mu ekzame moja. Nilitumia random.choices, na choices inaokota kama mtu anayetoa karatasi mu kofia halafu anairudisha. Maulizo niliyokuwa nayo ni 85, naokota 60, nimehesabu 17 yalikuwa marudio. Kwa kweli nilifanya ekzame ya maulizo 43. Ilitakiwa random.sample, ambayo ikiokota hairudishi. Neno moja. Na mimi naomba kazi ya informatiki.

Sombe nilishakula, siwezi kuirudisha.

Siku ya 14

Nimetengeneza ile, lakini shida kubwa iko palepale: haya maulizo nimeyaandika mimi, majibu nayajua, najipima ku kitu nilichojitungia. Nahitaji maulizo ya mtu mwingine.

Siku ya 16

Nimemwita mmoja wa wale 41. Ni kijana wa huko Ruashi, alikuja na dosiye safi kuliko zote, nilimkumbuka juu ya hiyo. Nikamwambia waziwazi, ndugu yangu, nafasi ni nne, sisi ni wengi, lakini wewe huna maulizo yangu na mimi sina yako, nitakutumia 120 na wewe 120, programu nakupa bule. Akanyamaza ku simu. Kisha akaniuliza: "Na kama tukipita bote wawili?" Nikamjibu basi tutakula bukari (ugali) mu kantini moja.

Yaya hakupenda. "Weye unamupa muntu kisu ya kukuchinja." Yaya ni mwalimu wa primaire, miaka mingi kazini, mambo ya kugombania nafasi ya serikali anayajua kunipita. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba kati ya watu 42, huyu mmoja akijua kidogo zaidi haibadilishi kitu, lakini maulizo 120 ambayo sijawahi kuyaona yanabadilisha mengi kwangu.

Siku ya 18

Maulizo yake ni makali! Nimepata 37, nimejibu 51. Nilirudi chini lakini hii 37 ni ya kweli, ile 53 ilikuwa ya uongo.

Hili limenipiga. Ni la SQL, lugha ya kuuliza data: tabo ya wafanyakazi 10, watatu hawana simu (NULL, yaani patupu). COUNT(*) inatoa ngapi na COUNT(telephone) inatoa ngapi? 10 na 7, hiyo naijua. Halafu chini yake: WHERE telephone = NULL itatoa mistari mingapi? Nikajibu 3. Ni sifuri, juu NULL hailingani na kitu chochote, hata yenyewe, lazima uandike IS NULL. Hii naijua!! Nimeiandika mara mia mu kazi. Lakini mu kazi ukikosea unaona tabo inatoka tupu na unarekebisha, ku karatasi hakuna kitu kinachotoka tupu.

Siku ya 21

Ingine niliyoigundua kwa faili: nikipanga makosa yangu ya informatiki, karibu theluthi yake jibu nililijua. Nilisoma vibaya. Maulizo yote ni ya kifaransa, na ni kifaransa cha mitego: "laquelle n'est PAS" (ipi SIYO), "toutes sauf" (zote isipokuwa), "hormis" (ukiacha), "respectivement" (kila moja kwa mpangilio wake). Mimi kichwa changu kinahesabu na Kiswahili, nikifika mwisho wa sentensi lile "sauf" limeshapotea njiani. Tangu leo, kabla ya kuangalia majibu napiga duara maneno hayo. Ku simu huwezi kupiga duara, kwa hiyo nimechapisha ekzame mbili ku karatasi (wino wa duka, nimejilipa kama mteja, yaya ananicheka).

Yule wa Ruashi naye nimemwambia hii ya duara. Akasema yeye anafanyaka tangu shule. Sawa mwalimu.

Siku ya 24

Yaya ananiuliza culture générale akiwa anasonga bukari, na hairuhusiwi kufikiri, mwiko ukiwa juu lazima jibu litoke.

Katiba ya lini? 18 februari 2006. Provensi ngapi? 26. Lugha za taifa? Kikongo, lingala, kiswahili, tshiluba, na kifaransa ndicho cha kazi ya serikali. Nchi jirani? Tisa, nikazitaja zote, Sudani ya Kusini nusu niisahau. Code du numérique (sheria ya mambo ya dijitali)? Ordonnance-loi 23/010, 13 machi 2023. Hiyo ya mwisho yaya hakuijua, akaangalia ku karatasi kama nadanganya.

Halafu akauliza, Katanga ya zamani ilikatwa mu provensi gani mwaka 2015? Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami... na nikanyamaza. Mtoto wake wa darasa la tano akajibu Tanganyika na mdomo umejaa. Nimezaliwa hapa, mama yetu ametoka Kalemie! Aibu hiyo siisahau tena, na kweli siku hizi Tanganyika ndiyo ya kwanza kutoka.

Siku ya 27

Leo hakuna kitu. Umeme hakuna siku mbili, wateja wanakuja wanarudi. Baridi ya juni imeingia, nimekaa ku mbabula (jiko la makaa) na kaye ya maulizo, vidole vinasikia baridi upande mmoja na moto upande mwingine.

Siku ya 29

Swali lililonisumbua: usipojua jibu, ubahatishe au uache? Watu wanasema "banaondoaka pointi", hakuna anayejua ngapi. Basi nimehesabu zote.

Wasipoondoa kitu, jaza yote, hata ukifumba macho. Wakiondoa robo kwa kosa: majibu manne, kubahatisha bure kunakupa robo ya pointi na kunakuondolea robo ya zile robo tatu, inabaki 0.06 hivi kwa ulizo, karibu bure lakini si hasara. Ukiweza kufuta jibu moja la kijinga, inapanda 0.17. Wakiondoa theluthi moja, kubahatisha ni sifuri kamili, ni kama hukufanya kitu. Wakiondoa nusu, kubahatisha bure ni hasara, ila ukifuta majibu mawili na kubaki na mawili, unapata robo, jaza.

Nimeandika ka tabo hako nyuma ya kaye. Ku siku yenyewe nitasoma ukurasa wa kwanza kabla ya yote, watu wengi wanauruka.

Siku ya 33

Kidogo nje ya njia. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini mtu wa informatiki anapimwa na mfuatano wa namba, hiyo ni mambo ya watoto. Ni ya zamani sana. IBM walikuwa na jaribio lao la kuchagua waprogramu tangu 1955, na ndani yake mlikuwa mfuatano wa namba, maumbo ya kulinganisha, na hesabu za maneno. Wakati ule waliosomea kuprogramu karibu hawakuwapo, kwa hiyo walitafuta tu nani anaweza kufikiri kwa mpangilio, mengine watamfundisha. Leo sisi tuko na diploma za miaka mitano na bado tunaulizwa 3, 7, 15, 31. (63. Kila mara mbili uongeze moja. Mtu wa binari anaiona mara moja, ni biti zote zimewaka.) Sijui kama naona ni haki. Mfuatano hauwezi kuonyesha kama mtu anaweza kuamsha seva saa nane ya usiku. Lakini kuwaita watu 42 mmoja mmoja mbele ya seva, hiyo nayo hakuna biro itaifanya.

Siku ya 38

46 ku 60, nimejibu 58. Maulizo ya yule wa Ruashi nusu, ya yaya nusu. Faili ya sekunde: hakuna ulizo hata moja limepita sekunde 90, lakini hiyo si mimi, ni simu inanifukuza. Nikiizima naona mkono unataka kung'ang'ania. Jana nilijaribu bila kengele, 41, na ulizo moja la kujaza bwawa (pompi moja inajaza kwa masaa 3, ingine 6, zote pamoja?) nililikalia dakika 5, na ni masaa 2 tu, theluthi moja na sudusi moja ni nusu kwa saa.

Nimerudisha kengele.

Siku ya 44

SMS imefika. Kesho kutwa, saa mbili asubuhi, kuja na biki ya buluu na karte. Leo nimepumzika kusoma, nimechapisha kazi za watu. Wawili kati ya wale 41 wamekuja kupiga fotokopi ya karte, tumesalimiana kama watu wa kilio.

Siku ya 46

Ndiyo leo. Nimetoka Katuba saa kumi na mbili kasoro, taksi-moto, mikono imeganda. Ilikuwa mu sale ya shule moja. Saa mbili waliyosema ikawa saa tano, kuita majina, kukosa majina, kuita tena. Watu hatukuwa 42. Wale 41 walikuwa wa duka langu tu, sijui nilifikiri duka langu njo Lubumbashi yote! Tulikuwa zaidi ya mia mbili, watu wawili wawili ku banki (benchi).

Simu zimekusanywa mu katoni mlangoni. Nimekaa, nimepanga biki, nimeinua macho kutafuta saa ya ukutani. Hakuna. Nikaangalia mkono wangu. Sina saa, sijavaa saa tangu ninunue simu yangu ya kwanza. Siku 40 kengele ilikuwa inanifukuza na sasa kengele iko mu katoni.

Moyo umedunda, nikajilazimisha kusoma ukurasa wa kwanza kama nilivyojiahidi: kosa linaondoa robo. Sawa, tabo yangu naijua, kufuta moja na kujaza. Halafu nikaona kila ukurasa uko na maulizo 10, kurasa sita. Msimamizi mmoja, papa mzee wa koti ya kahawia, alikuwa na saa kubwa ku mkono, anatembea kati ya banki. Kila akipita nilichungulia kifundo chake. Akipita mara ya tatu akaniangalia vibaya, alidhani nachungulia karatasi ya jirani, nikamwonyesha saa yake kwa kidole, akacheka kidogo, na tangu hapo akipita alikuwa anageuza mkono ili niione. Papa yule Mungu ambariki.

Mifuatano ya namba ilikuwa minne. Mitatu nimeiona. Wa nne umenikataa, nikaweka nukta pembeni na nikapita. Nasema ukweli, iliniuma, ukurasa mzima uliofuata kichwa kilikuwa bado nyuma kinazunguka nayo. "Sauf" nimelipiga duara mara saba. Anwani za IP tatu, moja /27, raha tupu. Provensi hawakuuliza. Waliuliza mwaka wa sheria ya telekomi, 2020, hiyo ni namba 20/017, niliijua kwa bahati ya kuisoma mu dosiye ya mteja. Nimejibu 56, nimeacha 4, na ule mfuatano wa nne nilirudi kwake dakika tatu za mwisho na sikuupata, nikafuta majibu mawili na kubahatisha.

Nje nimemkuta wa Ruashi amekaa ku ukuta anakula karanga. Nikamuuliza ule wa nne. Naye hakuupata. Tumeuandika ku mchanga na kijiti, tumeuzunguka nusu saa nzima, watu wawili wengine wakaja kuinama nasi, mpaka mlinzi akatufukuza.

Siku ya 47

Majibu watabandika, tarehe hawakusema. Faili ya programu nimemtumia mtoto wa yaya, ametoa rezo zote na kuweka provensi.

Nimepita soko ya Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi) jana jioni kununua saa. Muuzaji ameniapia ni ya maji. Mshale wa sekunde umekufa, lakini dakika zinatembea.